Taarifa ya Mistari Miwili

Ilikuwa katika mwaka wangu wa saba getini nilipoamua kuandika vibaya.

Watu wakisikia nina shahada ya sosholojia na navaa buti, hunitazama kama niliyeangukiwa na mkosi. Hakuna mkosi. Nilihitimu, nikarudi nyumbani kwetu ziwani Nyasa, nikakaa mwaka mzima nikianika usipa, wale dagaa wa ziwani, pamoja na mama na kutuma maombi ya kazi kila palipo na tangazo. Chuo kimoja kule Mbinga kikatangaza nafasi za askari wa ulinzi, sifa kidato cha nne. Nikaomba. Nilijiambia kwamba nikishaingia kwenye ajira nitaomba kubadilishiwa kada, nihamie ofisi ya ustawi wa wanafunzi, kazi niliyoisomea. Miezi sita tu, nilimwambia mama. Akaniombea kanisani.

Nikapelekwa mafunzo ya polisi wasaidizi. Nikajifunza kupiga saluti, kushika kirungu, kumpekua mtu bila kumvunjia heshima, na kuandika taarifa ya tukio. Hilo la mwisho ndilo lililoniponza.

Wenzangu walikuwa watu wema na kazi waliijua kunishinda. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mkumbi, aliyetoka moja kwa moja kwenye shamba lake la ngolo, kile kilimo cha mashimo cha milimani, akaja lindoni na udongo kwenye kucha, na huyo aliweza kumtambua mwizi kwa mwendo tu. Lakini kalamu ilimtesa. Kurasa zake kwenye kitabu cha matukio zilikuwa na neno moja, shwari, kuanzia Januari mpaka Desemba. Siku upepo ulipoezua bweni aliandika: shwari, ila bweni halina bati.

Mimi niliandika saa, mahali, nani alisema nini, mlango ulikuwa wazi au umerudishiwa. Mkuu wa ulinzi aliposoma taarifa yangu ya kwanza aliwaita wote waisikilize. Nilifurahi, mjinga mimi. Tangu siku hiyo kila tukio lilikuwa langu, hata la zamu isiyo yangu. Walinifuata nyumbani nikiwa nafua, mikono ina povu, kwamba kuna kompyuta imepotea maabara, njoo uandike.

Sasa, utaratibu wa kubadilishiwa kada ni kwamba barua yako sharti ipite kwa mkuu wa kitengo chako, naye aandike kuwa hana pingamizi. Niliandika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilifika mezani kwake zikalala hapo. Mwaka ule wa saba nafasi ya afisa ustawi ikatangazwa, humo humo chuoni, nikaipeleka ya nne kwa mkono wangu mwenyewe. Nikapiga saluti, nikasimama.

"Dada yangu," akasema. Ni mtu mpole, na hilo ndilo linaloudhi. "Wewe nikikuachia, taarifa ataniandikia nani? Yule mzee wa shwari?"

Akacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuwa alikuwa mkubwa wangu. Nilitoka nje nimejaa hasira. Niliona wazi kwamba kadiri ninavyofanya kazi vizuri ndivyo ninavyojifungia mlango, na kwamba ningeweza kuzeeka pale na kile kirungu changu. Basi nikaapa. Kuanzia siku hiyo nitaandika kama wengine, aone sina maana, aniachie.

Wiki ile ilikuwa ya mitihani.

Sisi watu wa ziwani hatuwezi kuona basi linapanda Mbinga tukaliacha liende bure. Mtoto akiwa chuoni, usipa unafungwa, unakabidhiwa kondakta, kondakta anaushusha getini, na askari wa zamu ndiye posta. Kwa kuwa nilikuwa mtu wa huko, vifurushi vyote vilikuwa vyangu. Asubuhi hiyo kilishuka cha binti wa mwaka wa pili. Nje karatasi ya mfuko wa saruji, juu yake kamba ya mgomba, fundo juu ya fundo, vile mama zetu wanavyofunga kana kwamba samaki watafufuka wakimbie. Yeye mwenyewe alikuwa anapita mbio kwenda kwenye mtihani.

"Mdogo wangu," nikamwita, "mama amekutumia mboga."

"Shikamoo dada. Jamani, asante!" Akakikumbatia, akaendelea kukimbia.

Mabegi huachwa barazani, hiyo ndiyo sheria. Lakini paka wa chuo kile walikuwa na sifa zao, na hakuna mtoto wa Nyasa atakayeacha usipa barazani penye paka. Akaingia nacho chumba cha mtihani, akakisukumia chini ya kiti.

Haikupita nusu saa nikaitwa. Karatasi ya nje ilikuwa imechanika pembeni, na ndani yake ikachungulia karatasi nyingine yenye maandishi. Msimamizi alivuta, ikatoka kipande kipande, imegandana na samaki. Ilikuwa kopi ya maelezo ya somo lile lile lililokuwa linafanyiwa mtihani. Binti alikuwa amekwenda nyumbani Pasaka, akasoma huko, akaacha karatasi zake, na mama yake, ambaye kwake karatasi ni karatasi, akafungia mboga ya mwanawe.

"Dada," binti akanishika mkono mbele ya chumba kizima, analia, "si umenipa wewe sasa hivi? Waambie."

Nilijua kila kitu. Nilijua saa niliyompa, nilijua lile fundo, nilikuwa naliona bado limefungwa. Nikamwambia, "Nitaandika." Nikakichukua kifurushi kama kielelezo, nikaenda ofisini, nikaandika mistari miwili. Mwanafunzi amekutwa na karatasi za somo ndani ya chumba cha mtihani. Karatasi zimechukuliwa. Nikasaini.

Nitasema ukweli, nilisikia raha. Nilimwona mkuu wangu akiisoma huku ananyanyua nyusi, na moyoni nikasema, umeona? Kuhusu binti nilijituliza kwamba kamati ya nidhamu itamhoji, itaniita, mambo yatajulikana.

Kamati haikuniita. Binti alijieleza mpaka sauti ikamkauka, lakini wao walishika ile karatasi yangu. Kwa miaka saba taarifa zangu hazijawahi kuacha kitu, kwa hiyo walichukulia kwamba ambacho sikuandika hakikuwepo. Nilisoma uamuzi kwenye ubao wa matangazo kama mpita njia yeyote. Amefukuzwa masomo. Ana siku saba za kukata rufaa.

Siku ya pili akafika getini na begi na godoro lililokunjwa. Nilitegemea anitukane. Ningependa anitukane.

"Dada, naomba unishauri," akasema. "Nikimwambia mama ni zile karatasi alizofungia usipa, atajilaumu mpaka anaingia kaburini. Nimwambie nimefeli tu?"

Nikamwambia aweke godoro lake kibandani kwetu, akalale kwangu, asipande basi lolote. Yule mzee wa Mkumbi alikuwa amesikia yote. Akalibeba godoro mwenyewe.

Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu alikuwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mkali, na ofisi ya ustawi ilikuwa chini yake. Yaani yeye ndiye angechagua afisa mpya. Nilikuwa nimesikia kwamba barua yangu ya nne hatimaye imevuka meza ya mkuu wangu. Ile mistari miwili ilikuwa imefanya kazi. Nilichohitaji ni kukaa kimya wiki mbili.

Nilikaa na jambo hilo mchana mzima na sijisifu kwamba lilikuwa rahisi. Nilimtazama yule binti akinioshea vyombo bila kuombwa, nikamchukia kidogo, kisha nikajichukia zaidi. Nikachukua kalamu. Zilitoka kurasa nne.

Siku ya rufaa nilizisoma nikiwa nimesimama, kofia kwapani. Kisha nikaweka kile kifurushi mezani. Harufu ilijaa chumbani, mjumbe mmoja akafungua dirisha. Nikawaomba wafungue fundo, waone kama kuna aliyeligusa tangu mama alifunge. Alijaribu mhadhiri mmoja kijana, akashindwa, akajaribu kwa meno, wenzake wakaangua kicheko. Mlezi wa wanafunzi hakucheka. Alipekua vile vipande vya karatasi kimoja kimoja, akaona magamba yalivyojibandika juu ya maandishi, akafuta vidole.

"Haya yote uliyajua siku ile?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukuandika?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema nilikuwa na haraka. Yakanipotea. "Nilitaka nionekane siwezi kazi," nikasema, "ili niachiwe niondoke getini."

Mkuu wangu wa ulinzi, aliyekuwa ameketi pembeni, alitazama sakafu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana aibu.

Binti alirudishiwa masomo yake, akapangiwa mtihani mwingine. Nafasi ya ustawi alipewa mtu mwingine, na sikushangaa. Nilisubiri adhabu. Wiki tatu baadaye nikaitwa, nikakuta barua mbili. Moja ilikuwa ya onyo. Ya pili ilinipandisha cheo kuwa msaidizi wa mkuu wa ulinzi, mwenye dhamana ya taarifa na uchunguzi, na chini yake ilieleza kuwa maombi yangu yote ya kubadilishiwa kada yamefungwa.

"Mlezi wa wanafunzi mwenyewe ndiye aliyependekeza," mkuu wangu akasema. "Amesema, mtu aliyejisema waziwazi namna ile ndiye wa kuaminiwa taarifa. Amenikataza nisikuachie."

Aliniambia hivyo kwa furaha ya kweli, na kalamu akanisogezea. Ningeweza kukataa. Nikafikiria kurudi kuanika usipa na shahada yangu, nikasaini. Nilipompigia mama simu alipiga vigelegele, akaenda kutoa shukrani kanisani. Mimi nilikaa katika ofisi yangu mpya, yenye dirisha linalotazama geti, nikalia.

Binti yule alimaliza chuo mwaka jana. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga, amesuka, amepata kazi Songea. Alinikumbatia kwa nguvu, nikiwa na buti zangu na kila kitu, akanishukuru tena kama alivyonishukuru kila muhula. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akanitazama na tabasamu lake lile lisilo na hila.

"Na wewe dada," akauliza, "unaondoka lini?"

Nikamfungulia geti.