Chumba cha Mama Kibaha

Macho ya mama yalipoanza kumsumbua, tulimtoa kijijini kwake Marui tukamleta kwetu Kibaha, awe karibu na hospitali. Alikubali kwa sharti moja: apate chumba chake chenye mlango wake, maana hakutaka kupita sebuleni kwa watu kila akitaka kutoka. Mimi na mke wangu tukaona ni haki yake. Nafasi ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya jiko na mpaka wa jirani. Fundi akachora chumba kinachofika mpaka kwenye mpaka wenyewe, na mimi nikapeleka mchoro halmashauri kuomba kibali.

Afisa mipango miji alikuja kuangalia kiwanja. Alikuwa dada mdogo, mpole, ameshika futi kamba. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa, kisha akaeleza kwamba kati ya ukuta na mpaka lazima tuache mita moja na nusu.

"Hiyo mita na nusu itakuwa ya nani?" mama akauliza.

"Ya kwenu, bibi."

"Na tutaifanyia nini?"

"Hamtajenga kitu. Inaachwa wazi."

Mama amelima tangu utoto, na sidhani kama aliwahi kusikia ardhi ambayo mtu anaimiliki ili aiache wazi. Yule dada akamweleza habari za moto, hewa, na maji ya paa kumwagikia jirani. Mama akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwetu maji ya paa yanamwagikia ndugu, na bado tunazikana."

Ili kupima, ilibidi bikoni, lile jiwe la mpaka, ionekane. Tuliitafuta kwenye majani tukaikosa. Jirani yetu, mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini na familia yake, akaja na jembe kutusaidia. Alichimba kwa bidii sana. Bikoni ikapatikana ndani ya banda lake la ng'ombe, chini ya samadi, hatua nzima kutoka kwenye ukuta wa banda wa upande wetu. Maana yake ng'ombe wake wawili walikuwa wakilala kwenye kiwanja chetu miaka yote hiyo. Jirani akaweka jembe chini.

"Basi ni yenu," akasema.

Niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyevuka. Mke wangu alikuwa akinunua maziwa kwake kila asubuhi. Nikamwambia afisa kwamba sisi hatuna malalamiko.

"Hata kama hamna, banda lazima lirudi nyuma," akasema. "Na chumba pia."

Mama akamgeukia jirani. "Umesikia, baba. Tumefukuzwa wote."

Jirani akacheka kidogo. Wiki ile ile akahamisha banda, nami nikaenda kumshikia nguzo. Fundi akachora upya. Chumba kikapungua kiasi kwamba kitanda na kabati havikuweza kukaa pamoja, tukachagua kitanda. Kibali kikatoka.

Mama alihamia, akapanda matembele kwenye ule ujia uliobaki. Afisa aliporudi kukagua aliyatazama, akasema mboga si jengo. Mama akamchumia fungu, naye akakataa kwa adabu, akisema yuko kazini.

Macho yalipopata nafuu mama hakukaa tena. Korosho zilikuwa zinaiva, na alisema watu wa Kibaha ni wazuri ila wanapimwa mno. Nilimrudisha mwenyewe kwa kupitia Kisarawe. Jirani alitupa lita mbili za maziwa ya mgando za njiani, na mama akaziweka mapajani safari nzima, hakutaka nizishike.

Tulipofika Marui mvua ilikuwa inanyesha. Nikasimama chini ya paa lake, nikatazama maji yakimwagika moja kwa moja kwenye ukuta wa nyumba ya mdogo wake. Ukuta ulikuwa umeliwa chini, udongo unaonekana.

"Ingia ndani, utalowa," mama akasema.

Nikaingia.