Zebaki ya Kwenye Simu

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikifumba macho inarudi, na nimeamua kukuandikia humu kwenye daftari. Najua hujazaliwa bado, nami niko kidato cha tatu tu. Lakini kuna mambo ukingoja ukue ndipo uyaseme, unakuta aibu imeshayameza.

Kemia niliipendea kwenye simu ya mama. Shuleni chumba cha maabara kipo, ila chupa nyingi ni tupu, basi Madamu wetu wa kemia akatutumia kwenye grupu la darasa maabara ya mtandaoni. Unaburuta chupa kwa kidole, unamimina, rangi inageuka taratibu kama mawingu ya jioni. Ukikosea unabonyeza, kila kitu kinaanza upya. Mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha mkono, nilikuwa nalala naota vimiminika vinaelea darini.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Shangazi, ambaye husafisha dhahabu mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa machimbo huku kwetu Bugarama, aliniachia mwanawe Limi, wa miezi saba, amelala kwenye mkeka karibu na jiko. Juu ya kabati palikuwa na kichupa chake cha zebaki, ile ya kukamatia dhahabu kwenye mchanga. Nikamimina tone kwenye kijiko. Mwanangu, lilikuwa zuri! Kama mwezi umedondoka ukakosa pa kushika. Nikaegemeza simu kwenye sufuria ili nirekodi nikilipasha moto, nitume kwenye grupu, na kwa mara ya kwanza wenzangu waseme, kumbe yule naye yupo.

Kijiko kilikuwa kinaukaribia mkaa Bibi alipoingia. Hakunigusa mimi. Alimnyakua Limi kwanza, akamtoa nje, ndipo akapaza sauti akiwa uani.

"Weka chini! Mbali na moto! Toka humo!"

Nikakiweka kijiko sakafuni, nikatoka. "Bibi, ni jaribio tu. Kwenye simu nimelifanya mara nyingi, halina shida."

"Hiyo simu inapumua?"

"Hapana, Bibi."

"Limi anapumua. Ng'wanawane, mwanangu, moshi wa kitu hicho haupigi hodi. Hauna hata harufu."

Akaninyooshea mikono yake. Inatetemeka, chai yake tunaijaza nusu kikombe, nami siku zote nilidhani ni uzee. Kumbe ujanani alichoma dhahabu iliyoshikwa na zebaki kwenye kikaango cha mboga, ndani ya nyumba, watoto wamelala. "Nilifunga mlango majirani wasiione dhahabu," akasema polepole. "Nikajifungia na sumu. Mchezea wembe humkata, mjukuu wangu, hata kama wembe wenyewe unang'aa."

Shangazi aliporudi aliwekwa kitako, akaambiwa maneno mazito, na kichupa kile hakikulala kwetu tena.

Mimi nililia kwanza. Halafu badala ya video nikaandika kwenye grupu yaliyotokea, vidole vikisita kila neno. Madamu akajibu: "Pole. Chini ya kila jaribio kuna ukurasa wa tahadhari. Uliusoma?" Sikuusoma. Ulikuwa maandishi matupu, niliuruka nikikimbilia rangi. Nikaketi na Bibi, nikamsomea, namgeuzia kwa Kisukuma sentensi moja moja. Alicheka mpaka kanga ikamteleza begani.

"Kumbe simu ilikuwa inajua! Wewe ndiye hukuiacha imalize kusema."

Mwanangu, wanasema elimu bila amali ni kama nta bila asali, na ni kweli, lazima siku moja mkono ushike. Basi jifunze huko mtandaoni bila woga, mwalimu aliye mbali naye ni mwalimu. Lakini msikilize mpaka mstari wa mwisho, hata ule usio na picha. Na kabla hujashika kitu, muulize aliyewahi kukishika. Ukiona aibu kuuliza, kama mimi, uliza hivyohivyo na aibu yako. Aibu haijawahi kumuua mtu.

Limi sasa anatembea. Muda huu amekalia kalamu zangu, anapumua kwa nguvu puani kama ndama, nami nimeacha kuandika kidogo nimsikilize. Mungu akulete salama, mwanangu. Akupe kifua chepesi, na umri wa kuwapita wote waliokuonya.