Uji Juu ya Dawa

Asubuhi ya mwisho kabla hajafunga duka lake la mitishamba Kariakoo na kurudi kwao, mama wa Kichina alimpimia mzee Leodegar dawa ya mafua kama siku zote. Vidole vyake vifupi, vilivyokolea rangi ya mdalasini, vilivunja vijiti vyake, vikatia tangawizi, kunazi kavu na vipande vya mizizi. Huwa hafungi karatasi kabla mteja hajamwonyesha vidonge anavyotumia vya hospitali. Alipoviona vya mzee, vya presha, alivirudisha mtungini vipande vya mzizi mtamu, maana mzizi huo hupandisha presha. Kisha akauliza, kwa sauti kubwa kama ya muuza mitumba wa soko la Mchikichini:

"Babu, ile dawa ya juzi ulishushia na uji wa moto, ukajifunika mpaka jasho likatoka?"

"Nilishushia na mtori wa ndizi."

"Kapika nani?"

Mzee akatazama viatu vyake. Tangu amzike mkewe Agnesi, jiko lake halijawashwa. Anaishi kwa chai na maandazi ya dukani.  Yule mama aliteleka mchele wa uji kwenye jiko la umeme nyuma ya kaunta, akamshikisha mzee mwiko. Uji ulipochemka ukamrukia mzee shatini, naye akaruka, wakacheka hadi wapita njia wakachungulia. Mzee akanywa mabakuli mawili, jasho likamtiririka.

"Kesho mimi sipo, babu," alisema yule mama akifuta kaunta. "Huo mwiko ondoka nao, na ukiunguza uji, kunywa hivyo hivyo."