Kadi Iliyobaki Maktabani

Nikifungua kitabu cha zamani, ile harufu ya gundi na unyevu hunisumbua mpaka leo. Maktaba ya mjini Mbarara haikuazimisha kitabu bila mtu kuacha kitambulisho. Sisi wakimbizi wa kambi ya Nakivale tulikuwa na kadi ya posho tu, ambayo bila hiyo hupewi chakula. Baba aliiacha, kwa sababu nililia kitabu.

Siku ya kugawiwa mahindi, mama akainua godoro.

"Kadi iko wapi?"

"Iko Mbarara, fasi ya bitabu," baba akajibu akitazama chini.

Mama hakufoka. Alikunja gunia tupu la mahindi, akabandika sufuria ya maji matupu, wadogo zangu wakasogea motoni.

"Soma basi," akaniambia. "Batoto basikie kitu."

Nilisoma mpaka maji yakakauka.