Watoto Watatu Niliowaandika Kwangu

Hapa Bunia, mashariki ya Kongo, mtu akijua kwamba kazi yangu ni kupiga hesabu za mishahara, swali la kwanza ni lile lile: eti serikali inapunguza impo, ile kodi ya mshahara, kwa kila mutoto unayemlea, ni kweli? Ni kweli. Halafu wanaongeza: na siye wadogo tunapata nini? Zamani nilikuwa najibu haraka, kama mwalimu. Nilisema anapunguziwa yule mwenye kitu cha kupunguziwa. Mwenye mshahara mnono akiandika watoto, impo yake inashuka. Mwenye mshahara mwembamba impo yake imeshafika chini kabisa, hata akiandika kijiji kizima haishuki tena. Siku hizi wakiniuliza najifanya nina haraka.

Mama aliyekuwa anafagia biro yetu, ofisi ya kampuni, alikuwa wa huo mshahara mwembamba. Mjane, alikimbia kutoka upande wa Djugu na watoto watatu wa mdogo wake, marehemu. Alisikia wenzake wakizungumza habari ya kupunguziwa, naye bila kuuliza mtu akaenda komini, kwa watu wa serikali ya mji, kutafuta karatasi ya kuonyesha kwamba anawalea. Siku mbili alipanga mstari, akalipa feza ya muhuri, halafu akaniletea, ameifunga ndani ya kitambaa cha kichwa isipate mikunjo.

Nikamwambia ukweli, kwamba kwake haitafaa kitu. Akaitazama ile karatasi. Hakulalamika. Alikuwa anataka tu kujua kama wale wa komini watamrudishia feza yake.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa nalala vizuri. Lakini mimi na mke wangu tuna mtoto mmoja tu, na impo yangu kila mwezi ilikuwa inaniuma kama jino. Nikamwambia, "Usiitupe, mama. Niachie. Nitawaandika kwangu."

Akasimamisha ufagio. "Kwako? Bote batatu?"

Nikaitika nikiwa natazama kompyuta. Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya sima ambayo alikuwa ametoka kuideki, akapiga makofi taratibu, vile mama zetu wanashukuru. Nilimwambia ainuke, nina kazi.

Sasa mniache niseme wazi. Mimi si mgeni. Nimezaliwa mjini, lakini bibi yangu alitoka huko huko kwao. Tangu vita vianze, kila parsele hapa, kila ua wa nyumba, ina watoto wa mtu mwingine. Na mtu mzima akisema mbele yako "huyu mutoto nimemuandika kwangu," maana yake amempokea: sahani, kitanda, shule, kilio. Nilijua vile alivyonisikia. Ningeweza kumsahihisha kwa sentensi moja. Sikufanya, kwa sababu angeichukua karatasi yake. Na faili za mishahara nilikuwa nazikagua mimi mwenyewe, nani angesoma jina la mlezi?

Kesho yake akaleta sombe, majani ya muhogo, imetwangwa tayari. Nikapokea! Tangu siku hiyo akawa ananiita baba ya batoto, wenzangu wa biro wanacheka, na mimi nacheka nao. Watoto waliendelea kulala kule kwenye kambi ya waliokimbia vita, chini ya turubai. Nadhani mama aliona ninatengeneza nafasi nyumbani kwanza. Mshahara wangu ukaongezeka kidogo, na hicho kidogo nikalipia televisheni, zile chaneli za mpira. Basi aliyetaka kujua kama huo msaada unamfikia mfanyakazi, jibu ndilo hilo: ulifika, ukaingia ndani ya televisheni yangu.

Halafu kampuni ikapunguza watu, na wa kwanza kuondoka walikuwa wa ufagio. Barua yake niliichapa mimi. Wiki mbili zikapita. Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi. Mama huyo, na nyuma yake watoto watatu wameogeshwa, nyuso zinang'aa mafuta, kila mmoja na kifurushi chake. Mke wangu akawakaribisha, akaleta chai, akifikiri ni wageni wa kupita.

Mama akanywa kwanza. Akaeleza kwamba amepata shamba la kulima na mwenzake kule Gety, lakini huko njia si nzuri na shule hakuna, hawezi kupeleka watoto. Kisha akaweka kikombe chini. "Baba, nimekuletea batoto yako."

Mke wangu akanigeukia. Sikuwa nimemwambia kitu. Nikaanza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo Kifaransa kilivyozidi kuingia mdomoni, kama mtu wa serikali anayefukuza watu: ni karatasi tu, ni mambo ya impo, si mambo ya nyumba. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua.

"Miye nilizani umewapokea," akasema. Kisha, pole pole, "Ile karatasi, ilikufaa?"

"Kidogo."

"Na bo, iliwafaa nini?"

Mke wangu alikuwa amechukua daftari la yule msichana mkubwa ili aone darasa lake, na nikamwona anasimama nalo kama limemchoma mkono. Kwenye jalada, kwa herufi nzuri za mtoto mwenye bidii, baada ya jina lake aliandika jina langu mimi. Mwaka mzima alikuwa anakwenda nalo shule.

Mke wangu akanivuta jikoni, akaniambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwamba angalau tubaki na yule mdogo. Nikasema hatuna nafasi. Tuna chumba. Kilikuwa na mifuko ya saruji na baiskeli mbovu. Nikarudi sebuleni, nikampa mama feza ya njia. Nilitamani akatae, anitupie usoni, tuwe sawa. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamwambia kila mtoto abebe kifurushi chake. Mkubwa akaniaga kwa adabu, "Bakia muzuri, baba," kwa sababu hakuna aliyekuwa amemweleza.

Mke wangu hakunisemesha siku nyingi. Alikuwa na haki. Nilisikia baadaye kwamba mama aliishia njiani, Bogoro, wengine wakasema hapana, alifika Gety na watoto wote. Sikufuatilia. Naogopa kujua.

Mwanzoni mwa mwaka huu fomu mpya za familia zikaja, na kila mfanyakazi anajaza yake. Ningeweza kuwafuta, ni mstari mmoja wa kalamu. Niliinakili ile ya mwaka jana, nikawaongezea wote watatu umri wa mwaka mmoja. Palipoulizwa watoto wanaishi wapi, nikaandika: kwangu.