Daktari Aliniuliza Ninakula na Nani

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba amenenepa. Wengine huambiwa na suruali. Mimi suruali ikinibana, nafumua mshono wa nyuma, naipanua, na maisha yanaendelea. Tangu nihamie Butembo nimezipanua suruali zangu mara nyingi hata sikumbuki, na kila mara nililaumu kitambaa.

Aliyegundua ni binti yangu, ambaye anaishi Kanada. Jumapili moja tulikuwa tunaongea kwa video, nikainama kuokota miwani, nikainuka ninahema. Baada ya muda akanipigia na kunieleza kwamba amenitafutia daktari wa mambo ya uzito, mama mmoja aliyekulia Bunia na sasa anafanya kazi Kinshasa, anayewaona wagonjwa kwa simu. Nilikasirika. Nikamwambia kwamba kwetu anayepelekwa kwa daktari ni mtu aliyekonda, na baba yake, Mungu asifiwe, hajakonda. Akaanza kulia. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa sukari, tulipokuwa bado tunaishi Beni, na yeye alikuwa mbali, hakuwahi kumzika. Mtoto akilia mbele yako unamshika bega; akilia ndani ya simu unakubali anachotaka. Nikakubali.

Daktari alitaka vitu fulani viwe tayari kabla hatujaonana: uzito, urefu, kipimo cha presha na cha sukari. Muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu nami alinipima presha akatikisa kichwa, akanitoboa kidole akatikisa tena. Sukari ilikuwa bado haijawa ugonjwa, alisema, ila iko mlangoni inabisha. Mizani yao ilikuwa imeharibika. Nikaenda kwenye depo ya maharagwe, nikapanda juu ya mizani ya magunia mbele ya watu. Mpimaji alisoma, kisha kwa mazoea yake akatoa uzito wa gunia tupu, ndipo akanitajia kilo zangu. Nilimwambia sikuja na gunia. Akanitazama tumboni, akasema basi nihesabu hiyo kuwa zawadi ya depo. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao, maana ukikataa kucheka pale ndipo wanapokukumbuka.

Siku ya kuonana, rendez-vous kama tunavyoiita, nilifunga karakana mapema nikapanda nyumbani, upande wa Rughenda, ambako mtandao ni mzuri kidogo. Nilivaa koti na tai. Huwezi kupigwa picha na daktari ukiwa na fulana. Nilijiandaa kwa matusi pia. Nilidhani ataniambia mimi ni mvivu na mlafi, nami nilikuwa na majibu yangu makali nimeyapanga.

Hakunitukana. Alinisalimia kwa Kiswahili chetu, akaniita papa kama mtu anavyomwita baba yake, akaniomba nivue koti, kisha tai, kisha nifungue kola aione shingo yangu. Aliuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliye na uvimbe wa koo. Aliuliza dawa ninazokunywa, hata zile za majani, na nani kati ya wazazi wangu alikuwa na presha. Akaniagiza nibonyeze mguu karibu na kifundo na nimwonyeshe kama shimo linabaki. Halafu akasema nijipime kiuno usawa wa kitovu, na hapo nilifurahi, kwa kuwa hiyo ni kazi yangu. Nikachukua futi yangu ya kitambaa, nikapima, nikasoma. Alitaka kuona jinsi nilivyoishika. Nikamsogezea simu, na mimi mwenyewe nikaona vidole vyangu viwili vimelala chini ya futi. Ndivyo tunavyowapima wateja wote. Tunaviita vidole vya bugali, yaani ugali, ili mtu akishiba siku ya sikukuu kifungo kisikatike. Nilikuwa nimejipimia nafasi ya kula zaidi. Daktari alicheka hadi akavua miwani, akaniambia nirudie bila vidole.

Baada ya hapo maswali yalibadilika. Aliuliza kama ninakoroma usingizini. Nikamwambia sijui. Akauliza kama hakuna mtu aliyewahi kuniambia. Nikamwambia aliyekuwa akiniambia amelala Beni, makaburini. Akaandika. Akauliza kama kuna usiku ninaoamka nikitafuta pumzi, na nani anasikia. Nikasema labda panya.

Kisha akauliza ninakula nini. Nikamtajia kila kitu bila aibu: bugali na sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, samaki wa chumvi tunaowaita makayabo, ndizi, viazi vya Lubero, na chai ya maziwa juu yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema huo ni mlo mzuri wa mtu anayelima kutwa, si wa mtu anayekaa juu ya kiti cha cherehani. Akaniuliza, "Papa, unakulaka juu uko na njala?"

Ningeweza kusema ndiyo, nakula kwa sababu ya njala. Binti yangu hakuwa kwenye mstari, na daktari angeandika tu na kuendelea. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Hapana, docteur," nikamwambia. "Nakulaka juu nione batu."

Hakuelewa mtu anakulaje ili aone watu, au alitaka niseme mwenyewe; akauliza ninakula na nani. Nikamweleza. Beni tulikuwa na uwanja, na majirani walikula pale kwetu au sisi kwao, hakuna aliyejua chungu ni cha nani. Mke wangu alipokufa, na vita ikazidi kukaribia mtaa wetu, nilihamia Butembo na cherehani yangu. Hapa mchana kuna wateja. Jioni nafunga mlango na hakuna hata mtu wa kugombana naye. Lakini kwetu mtu akiingia wakati wa chakula haachwi aondoke bila kula, na mimi nalijua hilo vizuri mno. Nilizigawanya nyumba za watu wa kanisa langu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, nisimchoshe mtu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilihakikisha siku ya tatu niko kwa wengine. Naingia sahani zinapowekwa. Nanawa, nakula, naongezewa, nakula tena, kwa sababu sahani ikiisha watu huaga, na mimi sikutaka kuaga. Muda wote niliokuwa natafuna nilikuwa mtu wa nyumba ile.

Daktari aliyaandika hayo. Akasema kuna sindano na vidonge vya kupunguza njala, wengi humwomba hizo, lakini hatanipa siku hiyo. Kwanza nipimwe damu, figo na ini. Na pia dawa ya njala haiwezi kumsaidia mtu ambaye haumwi njala. Akanipangia nile mapema, nyumbani, sahani moja ndogo, halafu niende kwa watu nikiwa nimeshiba. Nikae, niongee, nirudi kwa miguu. Ilisikika rahisi sana kutoka Kinshasa.

Nilijaribu. Nilianza na nyumba ya mwenzangu wa kwaya, ambaye mke wake hupika sombe vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilifika wanapoweka sahani. Mama yule alinikaribisha, akaniletea maji ya kunawa, nami nikamwambia asante, nimekula. Alisimama na birika mkononi.

"Umekula kwa nani?" akauliza.

Nikamwambia nyumbani, peke yangu. Uso wake ulibadilika. Kwetu mtu hali peke yake kisha akaja kukaa katikati ya watu wanaokula, ila kama anaogopa chakula chao au amekosana nao. Nilimweleza habari ya daktari wa simu na sukari inayobisha mlangoni. Alisema ndiyo, ameelewa, akaketi. Wao walikula, mimi nilitazama. Mwenzangu alikula haraka kama aliyefumaniwa. Hakuna aliyejua tuongee nini, kwa sababu maneno yetu yote ya zamani yalipita juu ya chakula: ongeza, sogeza, pilipili iko wapi. Wakanisindikiza mapema hadi barabarani, kwa heshima zote.

Nilienda nyumba nyingine, ikawa vilevile. Katika moja waliniona kwa mbali wakasitisha kula hadi niondoke, na nilisikia vijiko vikianza nyuma yangu. Nikaacha kwenda. Wala sikukasirika, niliona aibu tu, na nilihuzunika kwa namna ambayo sikuwa nimehuzunika tangu mazishi. Jioni nikawa napika sahani yangu ndogo, nakula, nakunja kitambaa cha meza, na bado jua liko juu ya vilima.

Damu ilipimwa, majibu yakatumwa. Nilianza kupunguza suruali badala ya kuzipanua. Kanisani wakaanza kunipa pole, na mama mmoja mzee akanishika mkono akaniuliza taratibu kama madaktari wamesema ni ugonjwa gani. Binti yangu alikuwa na furaha. Alinitaka nigeuke mbele ya simu, nikageuka.

Siku ya kuonana tena na daktari nilivaa koti lile, sasa likining'inia. Nilikuwa nimekaa tayari muda mrefu kabla simu haijalia. Alitazama namba zangu, kilo, kiuno bila vidole, presha, sukari, na uso wake ukafunguka, akanipongeza.

"Félicitations, papa. Ulifanya namna gani?"

"Niliacha kutembelea batu, docteur."

Tabasamu lake lilibaki pale mdomoni bila kujua liende wapi. Akaniuliza kwa sauti ya chini habari za jioni zangu, "Na mangaribi unafanyaka nini?"

"Nangojaka rendez-vous yako."

Nyuma yake niliona mlango, na kivuli cha mtu aliyeingia kumwambia jambo. Akanisihi nirudi kwa watu wangu, nile nusu sahani tu, akasema nusu haitaniua. Nikamwahidi, ingawa sikujua mtu anarudije mahali aliposindikizwa kwa heshima. Kisha akatazama kalenda yake. Akaniambia kwamba kwa kuwa ninaendelea vizuri hivi, hakuna haja ya kuonana tena hivi karibuni, na tarehe aliyonipa ilikuwa mbali sana.