Nililipa balance transfer ya miezi ya mbele kabla ya safari, 0% ikaondoka

Wakuu, poleni na wiki. Mimi huwa siapi, imani yangu hainiruhusu, ila haya ndiyo yaliyonikuta, sijaongeza chumvi.

Nipo Wheaton, huku Marekani. Mchana nahudumia wazee majumbani, jioni nasoma nursing.

Deni la kadi lilikuwa linanila riba, nikalihamishia kadi nyingine (ndiyo hiyo balance transfer), riba 0% kwa miezi kumi na nane. Ile hela ya riba iwe ada yangu ya semester.

Mwezi wa nane wa mkataba, mama akaugua huko Moshi. Kabla sijapanda ndege nikalipa minimum, kile kiwango cha chini cha kulipa, ya mwezi ule pamoja na ya miezi mitatu ya mbele, kwa mpigo.

Kwenye upatu wetu wa kina mama wa kanisani ndivyo tunavyofanya. Ukisafiri unaweka ya mbele, mtunza hazina anakuandikia, unaenda zako na amani. Nikajua benki nao ni hivyohivyo. (Mnaocheka, chekeni tu.)

Nikakaa Moshi karibu miezi mitatu. Mama akapona, Mungu ni mwema.

Kurudi, nakuta bahasha tatu za benki juu ya friji.

Nikamwita binti yangu. "We Neema, mbona hukuniambia?"

"But Mom, you said umewalipa! I thought ni matangazo."

Kweli nilisema.

Nikapiga simu. Dada wa benki akanijibu kwa upole: zile hela zote zimehesabiwa mwezi uleule mmoja, miezi iliyofuata hukulipa kitu.

Nikamwambia mkataba ni miezi kumi na nane! Akasema hatuwezi kuubadilisha tunavyotaka, ila ukichelewa zaidi ya siku sitini tunaruhusiwa kuiondoa 0%, na taarifa tumekutumia. Ndiyo ile bahasha ya tatu.

Nikilipa kwa wakati miezi sita mfululizo, 0% inarudi. Nikapiga hesabu. Sita ikitimia, ile kumi na nane nayo imeisha.

Hapo ndipo nililia, wakuu.

Hela ya ada imerudi kwenye riba, semester hii sisomi. Wenzangu wanaanza Jumanne.

Nilichojifunza: kila mwezi unataka malipo yake. Weka autopay, benki ijikatie yenyewe kila mwezi, na kabla ya kusafiri wapigie uwaulize.

Kuna aliyewahi kuwaomba wakamrudishia mapema? Niambieni, hata kama jibu ni hapana. Sare yangu ya darasani bado imening'inia nyuma ya mlango, sijaitoa na siitoi.